SOMO LA HISTORIA NA MASHINI ZETU: TUULIZE MASHAHIDI



Katika masekondari mengi somo la historia linaendelea namna moja toka zamani. Mwalimu anasoma kaye yake, wanafunzi wanaandika. Siku ya egzame wanarudisha yale waliyoandika, na kiisha egzame wanasahau. Mwanafunzi anajua kama Mkutano wa Berlin ulianza mwaka wa 1884 na kumalizika mwaka wa 1885. Anajua tena kama Leopold II aliachia Ubelgiji nchi ya Kongo mwaka wa 1908. Lakini umwulize: "Unajua namna gani kama ni kweli?" Atajibu: "Mwalimu alisema." Jibu hilo ni la heshima, lakini bado si jibu la historia.

Siku hizi watu wanasema: tutafute telefone, komputa na mashini ya kuonyesha picha ukutani, na somo litakuwa zuri. Neno hilo ni nusu ya kweli. Mashini haifundishi historia. Mashini inafanya kazi moja: inachunga shahidi. Inachunga sauti ya mtu, sura ya jambo, karatasi ya zamani, hata umri wa kipande cha mkaa, na kuvileta mbele ya kalasi kusudi tuviulize maulizo. Kama hatuulizi kitu, ile mashini ya bei kali itakuwa kaye nyingine ya kunakili tu. Na kama tunauliza vizuri, telefone moja ya zamani inatosha kwa kalasi nzima.

Tuangalie mashahidi wa namna mbalimbali, kiisha tutasema namna ya kufanya kazi hii kwetu.

1. FOTO: SHAHIDI WA BARINGA

Mwanzo wa karne ya 20 nchi yetu ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Makampuni yalilazimisha watu kuleta mpira wa pori. Kule Baringa, katika Ekwateri, kulikuwa misioni ya Kiprotestanti ya Congo Balolo Mission, na kati ya wamisionere kulikuwa mama mmoja, Alice Seeley Harris, mwenye kuwa na kamera. Tarehe 14 Mei 1904 mtu mmoja, jina lake Nsala, alifika misioni na mkono na mguu wa binti yake mdogo Boali, vimefungwa ndani ya majani. Walinzi wa kampuni ya ABIR walikuwa wameua mtoto huyo na mama yake. Alice Harris alimwomba Nsala akae barazani, kiisha akapiga foto.

Foto hiyo haikubaki ndani ya kasha. Wakati ule kulikuwa mashini iliyoitwa taa ya picha: taa yenye nguvu nyuma, picha ya kioo katikati, lensi mbele, na sura inatokea kubwa juu ya kitambaa cheupe. Alice na mume wake John Harris walizunguka na picha hizo katika Uingereza na Marekani, wakaonyesha watu ndani ya makanisa na majumba ya mikutano. Watetezi wa Leopold walikuwa wanasema kama habari za Kongo ni uongo wa wamisionere. Ni vyepesi kukana barua. Kukana foto kulikuwa kugumu zaidi. Foto hizo, pamoja na raporo ya Roger Casement ya mwaka wa 1904 na maandiko ya E. D. Morel, zilisaidia kumlazimisha Leopold aachilie Kongo mwaka wa 1908.

Basi, tuko na shahidi. Tumwulize. Nani alipiga foto hii? Mmisionere. Alipigia nani? Watu wa Ulaya na Marekani, kusudi waguswe moyo. Nsala alikaa vile kwa sababu gani? Kwa sababu aliombwa kukaa. Jambo hilo haligeuzi foto kuwa uongo. Yaliyompata Nsala ni kweli. Lakini linatufundisha kama kila foto iko na mtu nyuma ya kamera, naye ana kusudi lake. Ulizo lingine: nani hasikiki? Nsala mwenyewe. Tunaona huzuni yake, lakini sauti yake haimo. Na kama wamisionere hawangeandika jina, fasi na siku, leo tungeona tu mtu mmoja ameketi barazani. Foto bila maandiko ni shahidi bubu.

2. MASHINI YA KUANDIKA NA MAGNETOFONI: MASHAHIDI WA LUBUMBASHI

Zamani wasomi wengi wa Ulaya walisema: fasi ambapo hakuna maandiko, hakuna historia. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi kwa Wakuba wa Kasai toka miaka ya 1950, alitoa kitabu kwa Kifaransa mwaka wa 1961 kupinga neno hilo. Alionyesha kama masimulizi ya wazee yanaweza kupimwa sawa na karatasi: unauliza nani anasema, alipata habari kwa nani, iko na faida gani katika kusema vile, kiisha unalinganisha masimulizi ya huyu na ya yule.

Lakini tusizani kama kazi hii ni ya maporofesere tu. Mwaka wa 1965, hapa Katanga, watu waliofanya kazi ya boyi ndani ya nyumba za Wazungu waliandika historia ya mji wao. Aliyeiandika kwa jina lao anaitwa André Yav, na kitabu kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile watu wanachosema jikoni na njiani. Kilipigwa kwa mashini ya kuandika na kutolewa kwa nakala, sawa na bulletin hii mliyoshika mkononi. Mwaka wa 1990 Johannes Fabian, msomi aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wasomi wa nchi nyingi wanakisoma. Historia nyingi za mji ule ziliandikwa na wakubwa wa makampuni na wa serikali. Hii iliandikwa na watu waliokuwa wakibeba sahani na kusikia maneno ya mezani.

Huyo Fabian alikutana tena na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka wa 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia ya nchi kwa picha 101, toka wakati wa wazee wa zamani mpaka wakati wake mwenyewe. Fabian aliweka magnetofoni mezani, na Tshibumba akaeleza kila picha kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka wa 1996. Hapa mashini ilichunga kitu ambacho foto ya Nsala haikuchunga: sauti ya mwenyewe. Tujue lakini kama picha iliyochorwa si foto. Tshibumba alichora mateso ya Lumumba kwa kufuata mfano wa mateso ya Yesu. Picha ile haitwambii Lumumba alivaa nini siku ile. Inatwambia watu wa Katanga wa mwaka wa 1974 waliweza kumfikiri namna gani. Hiyo nayo ni historia.

Na toka mwaka wa 2000 wanahistoria wa Universite ya Lubumbashi, pamoja na Donatien Dibwe dia Mwembu, walianzisha kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi. Wanakusanya masimulizi ya watu wa mji, na vitu vya nyumbani pia, na kuvionyesha watu. Chungu cha zamani, karatasi ya kazi ya Union Minière, foto ya arusi: kila kitu kiko na habari yake, kama kuna mtu wa kuiuliza.

Sababu gani haraka? Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma pale Elisabethville wakiomba mshahara uongezwe. Askari wakapiga risasi kwenye uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina la wafanyakazi, akauawa pamoja na wengine wengi. Hesabu ya wafu haipatani mpaka leo. Ile ya serikali ya wakati ule ni ndogo kuliko ile watu waliyosimulia. Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku ile, leo angekuwa na zaidi ya miaka 100. Mashahidi wale wamekwisha kuondoka. Wale wa mwaka wa 1960 bado wako, lakini wanapunguka kila mwaka. Kitabu kinaweza kungoja ndani ya kabati. Mzee hangoji.

3. MKAA: SHAHIDI ASIYE NA KINYWA

Na mambo ya zamani sana, ambayo hata mzee hajui, tutamwuliza nani? Hapa kuna mashini za laboratware.

Kila kiumbe chenye uhai kinaingiza kaboni mwilini, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya namna inayoitwa kaboni 14. Mti ukikatwa ao mnyama akifa, hauingizi tena. Toka pale kaboni 14 yake inapunguka polepole, na kiisha miaka 5730 inabaki nusu tu. Mwaka wa 1949 Mmarekani Willard Libby na wenzake walionyesha namna ya kupima kile kilichobaki na kuhesabu umri wa kitu. Alipata Zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 1960.

Hesabu hiyo ilifanya nini kwetu? Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi pale Sanga mwaka wa 1957 na 1958, na tena mwaka wa 1974 wakati wa Pierre de Maret. Walikuta vyungu vizuri, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba. Vipimo vya kaboni vilionyesha kama watu waliishi na kuzika wafu wao kule toka karne ya 8 hivi, na kama makaburi mengi yenye mali ni ya karne ya 10 mpaka ya 13. Katika makaburi ya nyuma mnaonekana misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama feza. Lakini katika bonde lile hakuna shaba. Ilitoka mbali, upande wa kusini. Maana yake watu wa Katanga walichimba, waliyeyusha, walichukuza na kuuzishana karne nyingi mbele Wareno hawajafika mdomoni mwa mto Kongo, karibu na mwaka wa 1482. Mtu akisema kama historia yetu ilianza na Wazungu, kipande cha mkaa kinamjibu.

4. SAUTI YA TAREHE 30 JUNI 1960

Sasa tukamate mfano mmoja ambao kila kalasi inaweza kuujaribu. Tarehe 30 Juni 1960, katika Léopoldville, watu watatu walisema maneno: mfalme Baudouin, Prezidenti Kasa-Vubu, na Waziri wa Kwanza Lumumba, ambaye hotuba yake haikuwa kwenye programu. Mfalme alisifu kazi ya Leopold II. Lumumba alikumbusha mateso na zarau ambazo watu walivumilia. Sauti za siku ile zilikamatwa na zinapatikana mpaka leo.

Gawanyeni kalasi katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza isome hotuba juu ya karatasi. Sehemu ya pili isikie sauti. Kiisha waulizane. Wale waliosikia watasema habari ya makofi: yalipigwa wakati gani, kiisha maneno gani. Wale waliosoma watasema habari ya mpango wa maneno na ya maneno magumu waliyopata wakati wa kuyafikiri. Halafu wote wasome maneno ya mfalme na waulize: watu hawa wawili wanasema habari ya nchi moja, sababu gani hawapatani? Saa moja ya kazi hii inafundisha zaidi kuliko kurasa tano za kaye.

5. NAMNA YA KUFANYA KAZI HII KALASINI

Umeme unapotea, na si kila mwanafunzi iko na telefone. Kwa hiyo tunaleta mpango mdogo:

a) Telefone moja kwa kikundi cha wanafunzi watano ao sita. Ichajiwe usiku, na fasi iachwe ndani yake kwa sauti. Anayeishika ni mmoja, mwingine anauliza, wengine wanaandika.

b) Chagueni jambo dogo. Msiulize, "Tueleze historia ya Kongo." Ulizeni habari ya posho katika kambi za wafanyakazi, ya njia ya treni, ya mwanzo wa kartie yenu, ya siku feza zilipobadilishwa.

c) Mwombe ruhusa mbele ya kufungua mashini. Mtu wa mkubwa anaheshimiwa: enda kwanza kumsalimia pasipo telefone, eleza kazi yenu, panga siku. Akikataa kukamatwa sauti, andikeni tu. Akikataa yote, mshukuruni na kuondoka.

d) Mwanzoni mwa sauti semeni tarehe, fasi, jina la mzee kama anakubali, na majina ya wanaouliza. Kumbukeni foto bila maandiko.

e) Zimeni radio, kaeni karibu, mbali na upepo. Ulizo likikwisha kutolewa, nyamazeni. Mzee akinyamaza kidogo anatafuta, msimkate neno.

f) Andikeni sauti ndani ya kaye, kwa luga aliyosema mwenyewe, neno kwa neno. Kazi hii ni ndefu: saa moja ya sauti inaweza kuomba saa nne ao zaidi za kuandika. Lakini kaye haiombi batri. Telefone ikipotea ao kuibiwa, kaye inabaki.

g) Tafuteni shahidi wa pili. Mtu mmoja ni habari. Wawili ni mwanzo wa historia. Wakipatana, ulizeni kama wote wawili walisikia kwa mtu mmoja. Wasipopatana, msichague haraka. Andikeni yote mawili.

h) Rudini kwa mzee na kumsomea mlichoandika. Sauti ni yake. Kuna maneno anayoweza kuomba yatolewe.

Mwalimu naye hapotezi kazi yake. Anakuwa kama mwamuzi: anasaidia kupima, analeta vitabu, anaonyesha tarehe ambazo mzee amechanganya. Programu ya Taifa iko, na egzame ya Taifa inatungoja. Lakini mwanafunzi aliyepima ushuhuda wa babu yake juu ya mwaka wa 1960 hatasahau mwaka huo siku ya egzame.

6. HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni uongo. Siku hizi komputa inaweza kutengeneza foto ya jambo lisilotokea, na hata sauti ya mtu akisema maneno ambayo hakusema. Hata foto ya kweli inapitishwa katika telefone na maelezo ya nchi nyingine ao ya mwaka mwingine. Kwa hiyo maulizo tuliyouliza juu ya Nsala si mchezo wa shule. Nani alitengeneza hii? Lini? Fasi gani? Kwa ajili ya nani? Kuna shahidi mwingine? Kama hamna jibu, msipeleke kwa wengine. Wako watu waliopigwa njiani kwa sababu ya foto ya uongo.

Hatari ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu inatoka katika mambo ya kweli. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 mpaka Januari 1963, na watu walipigana. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengine walilala kwenye magare ya Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wengine walikufa pale. Katika kalasi moja leo wanaketi watoto wa jamaa zile na wa jamaa hizi, juu ya banki moja. Walimu wengi wanapita haraka juu ya miaka ile. Tunaelewa sababu. Lakini kama shule inanyamaza, mtoto anasikia habari nyumbani tu, na kila nyumba inasimulia machozi yake yenyewe.

Hapa sauti mbili zilizokamatwa vizuri zinaweza kufanya kazi ambayo mwalimu peke yake haiwezi. Kalasi inasikia mama mmoja aliyengoja treni, na inasikia mama mwingine aliyebaki na anaeleza namna maisha yalikuwa na maneno gani viongozi walitangaza. Hakuna anayekatwa neno, maana mashini haigombani. Mnaweza kusimamisha, kurudisha nyuma, kusikia tena. Iwe sheria: mwalimu asikie kwanza peke yake, majina yafichwe, na mwanafunzi asiulizwe hesabu ya yale wazazi wa kabila lake walifanya. Mtoto hakuwako. Yeye pia ni mwanafunzi wa jambo hilo, sawa na mwenzake.

Tukifanya hivi, hatutapata lazima mapatano juu ya kila jambo. Tutapata kitu kidogo lakini cha nguvu: mwanafunzi anayeweza kusema, "Nimesikia upande wangu, nimesikia na upande wako, sasa tuangalie karatasi zinasema nini." Nchi yetu inahitaji watu wa namna hiyo.

Kikundi ambacho kitaleta masimulizi yaliyoandikwa vizuri, na ruhusa ya mwenyewe, tunaomba kiyapeleke kwa mwalimu wa historia. Stensili na wino tuko navyo. Yale mazuri tutayatoa katika bulletin zinazofuata, kusudi na sisi tuchunge mashahidi wetu.